Upande wa Pili wa Tangazo

Walikuja saba, viatu vimejaa majivu,
wakaegemea kaunta ya Deolinda
kama watu waliokuja kuripoti msiba.
Mwalimu Eurico alishika ubeti mmoja mkononi
na bahasha ya sarafu walizochangishana kanisani.
"Tunataka mia tano," alisema.
"Herufi nene. Wino mwekundu."

Deolinda hakujibu. Alifungua rimu jipya,
akachomoa karatasi moja, akaiinua dirishani
hadi jua la Vale da Urze likapenya ndani yake.
"Mnauona?"
Tuliona weupe tu.
"Huu ndio mkaratusi. Umekatwa, umepikwa kwa magadi,
umeogeshwa mara nyingi kuliko mtoto wa waziri,
umebanwa, umekaushwa, ukafungwa utepe.
Mnaniomba nimtukane mgeni
juu ya ngozi yake mwenyewe."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita,
kazi yangu kufuta wino kwa matambara, na kunyamaza.
Nilicheka. Nikakanyagwa mguu.

Hakuna aliyekuwa safi mle ndani.
Kilima cha kwanza kupandwa kilikuwa cha Eurico:
alikikodisha ili binti yake asome Lizboni.
Zulmira alilinda mashamba ya kiwanda kwa mshahara,
na ni yeye aliyeona moto wa Agosti
ukiruka barabara kama mbuzi.
Deolinda naye, miaka thelathini,
alikula mkate wa rimu jeupe.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, husemwa.
Sisi hatukuchimba. Tulikikausha,
tukaingia humo humo.

Ndipo akaenda stoo, akaburuta makasha.
Kila kilichoharibika tangu alipoanza kazi:
kadi za harusi zenye jina la bwana mwingine,
ratiba za mpira wa timu iliyovunjika,
menyu ya mgahawa ambao sasa ni banda la kuku,
matangazo ya mazishi yaliyochapwa kimakosa.
Nyuma yote ni meupe.
"Hizi," alisema, "hazimwombi mtu mti mwingine."

Tulichapa usiku kucha. Karatasi hazikulingana;
mashine ilikohoa, ikameza moja, ikatema mbili.
Ubeti wa mwalimu ulitoka umepinda kidogo:

*Mkaratusi mgeni, wanywa sana, hutosheki,*
*Kisima chetu bondeni, na maji hayachoteki,*
*Ukija moto nyumbani, mbio zetu hazifiki,*
*Tuseme hapa mezani, kesho haisubiriki.*

Hazikufika mia tano. Zilifika mia mbili na kumi na mbili.
Alikataza gundi.
"Zitundikeni kwa uzi. Upepo uzigeuze."

Basi kwa siku tatu kijiji kilijisoma pande mbili.
Watu walisimama kituoni, wakasahau basi,
wakibishana ni nani aliyemwoa nani,
kisha karatasi ikageuka, ikawauliza habari za maji.

Serafim hakuwahi kuja mkutanoni.
Mteremko wa mwisho wenye chemchemi ulikuwa wake,
na mkataba wa kiwanda ulikuwa jikoni kwake,
chini ya chupa ya mafuta ya zeituni.
Alikuja kununua mkate.
Upepo ukaligeuza tangazo mbele ya uso wake:
Adelaide, miaka sabini na moja, mazishi Alhamisi,
herufi moja ya jina imedondoka.

Alisimama hadi mkate ukapoa.
Akakata uzi kwa kisu cha mfukoni.
Tulidhani atalirarua.
Alilikunja mara nne, wekundu ukiwa ndani,
akalitia kifuani mwa koti, akaenda zake.

Kama alisaini, sijui. Novemba nilipita pale:
hapakuwa na miche, ila Novemba ile bei ilishuka,
na watu wengi hawakupanda.

Ninachojua ni kwamba jioni ile ile alirudi,
kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa kiwanda chetu kidogo
akauliza kama tuna nyingine.
Tulikuwa nazo kumi na tisa.
Deolinda alimfungia zote kwa uzi, hakumdai kitu,
kisha akaniambia nifute wino,
nianze na herufi za jina.